Kutoka Mbeya hadi kisiwa cha Rubondo kupiga picha za wanyama: nina Canon 80D na milioni tatu, ninunue lenzi ipi?

Malafyale_wa_Uyole (mleta uzi)

Mugonile wakuu. Wa Iringa na Njombe, kamwene.

Mimi ni mpiga picha, ofisi yangu ipo Mwanjelwa. Ugali wangu ni harusi, sendofu na vipaimara. Wanyama na ndege napiga kwa mapenzi tu, pale nafasi inapopatikana. Mwezi wa nane sisi wanne tunakwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria. Basi hadi Mwanza, kisha Geita, Chato mpaka Muganza, halafu boti.

Ninachokifuata: sokwe, nzohe (swala wa vinamasini), kasuku wa kijivu, na furukombe akinyakua samaki majini. Nikibahatika, moja iwe jalada la kalenda ya ofisi ya mwakani.

Nilicho nacho ni Canon 80D, lenzi ya 18-135 iliyokuja nayo, 50mm f/1.8, flashi moja na stendi nzito ya video. Bajeti ni milioni tatu na haiongezeki hata mia, mama watoto ameshafunga mjadala. Moyo wangu upo kwa Sigma 150-600 Contemporary ya mtumba, ile lenzi ndefu ya kuvuta vya mbali, mm 150 hadi 600. Wenzangu wawili wanasema bila 600 nisijisumbue kupanda boti. Wa tatu anasema nikiinunua nitalia. Hebu nisaidieni kabla hela haijaliwa na ada za shule.

Naomba kuwasilisha.

Ulanzi_Mtamu

Natia nanga hapa. Na mimi nina safari kama hiyo kichwani, ila mfukoni bado.

Kasuku_Mwitu

Mkuu, nunua 600 na usimsikilize mtu. Wanyama wa mwituni hawana adabu ya bwana harusi, hawakusubiri ujipange. 80D ina sensa ndogo, kila lenzi inazidishwa mara 1.6, kwa hiyo 600 inakuonyesha kama 960. Nzohe anashinda kwenye matete, akikuona anazama hadi puani. Furukombe yuko juu ya mti ng'ambo ya ghuba. Kwa 18-135 utarudi na nukta nyeusi uwaambie watu "huyo hapo ni ndege".

Hiyo Sigma haifiki kilo mbili, unaishika mkononi bila shida. Halafu bei yake, kwa urefu huo, hakuna inayoikaribia.

Mnyalu_wa_Kalenga

Nampinga Kasuku kwa heshima zote. Ushauri wake ni sahihi kabisa kwa Ruaha. Mimi naendesha watalii Ruaha, na kule siwezi kumwambia mtu aje bila lenzi ndefu: uko ndani ya gari, nchi ni wazi, jua linawaka, simba amelala ng'ambo ya mto mkavu. 600 inakula bata.

Rubondo ni kitu kingine. Sehemu kubwa ya kisiwa ni msitu uliofunga. Sokwe unawafuata kwa miguu na askari, wako chini ya miti mikubwa, nao ni weusi. Hapo tatizo lako la kwanza ni mwanga, urefu unafuata baadaye.

Chukua hesabu. Hiyo Sigma ukiivuta mpaka 600 inakuwa f/6.3, na namba ya f ikipanda mwanga unaoingia unapungua. Lenzi ya f/2.8 inapitisha mwanga karibu mara tano ya huo. Maana yake, pale mwenye f/2.8 anapiga kwa ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 1250, wewe uko 6400, na 80D kwa 6400 kwenye manyoya meusi unaijua: chenga tupu. Na bado sijakudai spidi. Kushika 600 mkononi kwenye sensa ndogo unahitaji kama 1/1000 ya sekunde. Mwenye 200 anaweza kushuka hadi 1/250 sokwe akiwa ametulia. Ukikosa mwanga kotekote, stori imeisha.

Kasuku_Mwitu

Stebilaiza umeisahau mkuu. Sigma inayo, unashuka 1/200 kwenye 600 bila wasiwasi.

Mnyalu_wa_Kalenga

Stebilaiza inatuliza mkono wako wewe. Sokwe anayejikuna haimhusu.

mama_pareto

😂😂 Hilo jibu niwekeeni kwenye fremu.

Mleta uzi, kaka yangu, mimi napiga msitu zaidi ya mbuga, hasa Udzungwa na milima ya Rungwe. Nikuongezee hesabu nyingine ambayo watu hawaipigi. Kwa sokwe hapa nchini utaratibu ni kukaa mita kumi hivi, usisogee zaidi. Pale mita kumi, 200mm kwenye 80D inachukua eneo la upana wa mita moja na kidogo. Ukisimamisha kamera wima, sokwe aliyeketi anaingia mzima na majani kidogo juu ya kichwa. Kwa 600 unapata sentimita thelathini na kitu. Yaani uso peke yake, na akigeuka umepata sikio.

Hiyo picha ya uso ni nzuri, siikatai. Lakini kalenda nzima ya nyuso?

Kwa milioni tatu ningetafuta Canon 70-200 f/2.8 ile ya zamani isiyo na stebilaiza. Ni ya mwaka 1995, kilo moja na kitu, bati tupu, haivunjiki. Ongeza ekstenda ya Canon ya 2x, kile kipande cha kati ya lenzi na kamera kinachorefusha lenzi mara mbili. Msituni unatoa ekstenda unabaki na 2.8. Ukifika ufukweni au kwenye boti unaivaa, unakuwa na 400 f/5.6. Ukitafuta mtumba kwa subira, milioni tatu inaingia vyote viwili.

Kasuku_Mwitu

Dada, ekstenda ya 2x inaua ukali wa picha na fokasi inakuwa ya kinyonga. Furukombe anashuka kama jiwe, wewe bado lenzi inatafuta. Kama ni 400 basi achukue 400mm f/5.6 moja kwa moja. Ni nyepesi, inafokasi haraka, wapiga ndege wameitumia tangu miaka ya 90.

mama_pareto

Kwenye spidi ya fokasi uko sahihi, sibishi. Ila 400 f/5.6 haijui kuwa fupi, na haina f/2.8 ya msituni. Anunue mbili? Hela iko wapi? Mama watoto ameshafunga mjadala.

Na furukombe mwenyewe si mdogo. Mabawa yakifunguka ni karibu mita mbili. Akiwa mita arobaini kutoka boti, 400 kwenye 80D inakupa eneo la mita mbili na robo. Anajaa fremu. Ukiwa na 600 pale pale unamkata mabawa.

Malafyale_wa_Uyole

Mnanichanganya na mnanifundisha kwa pamoja. Kumbe mita kumi kwa sokwe ni sheria? Mimi nilidhani ni suala la woga wao tu. Na flashi vipi, si ingesaidia huko gizani?

Mzee_wa_Nega

Vijana, salaam. Flashi iache Mwanjelwa. Kwa sokwe hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa macho yatatoka mekundu na msitu wa nyuma utakuwa shimo jeusi.

Umbali na barakoa ni kwa sababu sokwe anaambukizwa magonjwa yetu ya kifua. Mafua yako madogo kwake ni msiba. Ukianza kukohoa siku ya kuwafuata sokwe, baki kambini upige ndege. Barakoa nayo ina jambo lake: pumzi inapanda juu, kitafutio cha kamera kinajaa mvuke na huoni kitu. Bana ule waya wa puani vizuri, au bandika kipande cha plasta ya hospitali juu ya pua.

Halafu ujue unakwenda kumpiga nani. Sokwe wa Rubondo si wa asili pale. Kati ya 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek na shirika lake la Frankfurt walileta sokwe 17 waliokuwa wamefungiwa Ulaya, kwenye bustani za wanyama na sarakasi, wakawaachia kisiwani. Hao unaokwenda kuwaona ni wajukuu na vitukuu, wamekuwa wa mwituni kabisa. Tembo na twiga nao waliletwa. Kasuku wa kijivu ni wale waliokamatwa kwenye biashara haramu wakaachiwa mwaka 2000. Nzohe ndiye mwenyeji. Hifadhi yenyewe ilitangazwa 1977.

Nasema haya kwa sababu mpiga picha asiyejua historia anapiga sokwe akikuta, basi. Anayejua anasubiri mikono, macho, mama na mtoto.

Na sokwe hawana ratiba. Unaweza kutembea asubuhi nzima ukasikia kelele tu. Kwa hiyo usinunue kifaa kwa ajili ya mnyama mmoja.

Kasuku_Mwitu

Shikamoo mzee wangu. Hiyo sentensi ya mwisho inanipa nguvu mimi: asipowaona sokwe, hiyo 2.8 ameibebea nini?

Mzee_wa_Nega

Marahaba. Mbega weusi kwa weupe wapo hukohuko juu ya miti. Pongo anatoka pembeni ya njia jioni. Kiboko anapanda nchi kavu jua likizama. Fisimaji asubuhi na mapema. Msitu wote ule ni giza, kijana, si sokwe tu.

Fundi_wa_Sido

Mmebishana lenzi, hakuna aliyegusa kinachoua lenzi. Mimi nafungua hizi kamera, na mkoa huu wetu wa ukungu ndio unanilisha. Fangasi! Mtu anafunga lenzi kwenye begi la ngozi baada ya mvua za Tukuyu, anaifungua Krismasi, ndani kuna mizizi kama ya muhogo.

Ukinunua mtumba, iwe 600 iwe 70-200, fanya hivi. Fungua apacha (tundu la mwanga ndani ya lenzi) yote, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, angalia kwa mbele ukiwa umeinamisha pembeni. Vumbi kidogo si neno. Nyuzinyuzi au ukungu wa maziwa, rudisha. Vuta zuumu mwanzo mwisho usikilize kama inakwaruza. Fokasi ijaribu karibu na mbali, mara nyingi, kwenye kamera yako mwenyewe na si ya muuzaji. Piga ukuta wa matofali kwa f/2.8, kisha angalia pembe zote nne kama upande mmoja umelegea. Muuzaji akikuharakisha, aga.

Kuhusu maji. Kwenye boti vifaa vikae kwenye ndoo ya rangi ya lita ishirini yenye mfuniko wa kubana, ndani umeweka taulo. Inaelea, haiingizi maji, na hakuna mwizi anayeitazama mara mbili. Weka pakiti za silika jeli humo. Mchele hausaidii chochote zaidi ya kuleta vumbi.

Jambo la mvuke: lenzi ikitoka kwenye baridi kuingia kwenye joto lenye unyevu inatoa jasho. Waliowahi kushuka kutoka Kitulo hadi Matema siku moja wanajua, unatoka mita 2,600 unafika ziwani chini ya mita 500, kioo kinakuwa cheupe. Kwa safari yako basi lenyewe ni refu, lenzi itazoea njiani. Hatari ni chumba chenye kiyoyozi Mwanza. Kabla ya kutoka nje, funga kamera ndani ya mfuko wa nailoni, iache ipate joto humo humo, jasho liishie nje ya mfuko.

Ulanzi_Mtamu

Ndoo ya rangi! Mimi nilikuwa natafuta begi la kuzuia maji la laki tatu.

Malafyale_wa_Uyole

Ndaga fijo fundi. Ndoo ninayo tayari, ya rangi ya ofisi.

Sasa kwenye boti yenyewe. Stendi niifunge wapi?

Mnyalu_wa_Kalenga

Usiifunge popote, iache nyumbani. Injini ya boti inatikisa mbao zote, stendi inapeleka mtikisiko moja kwa moja kwenye lenzi. Usiegemeze lenzi ukingoni pia. Keti, viwiko mwilini, mwili wako ndio springi. Spidi isishuke 1/1600 kwa ndege anayeruka, na 1/2000 ni bora. Saa hiyo uko juani, mwanga upo wa kumwaga, f/5.6 haikusumbui.

Beba mfuko wa kitambaa mtupu wenye zipu. Ukifika nunua maharage uujaze, unakuwa mto wa kulaza lenzi kwenye gogo au dirisha la gari. Msituni mguu mmoja unatosha, ule wa fimbo.

mama_pareto

Asijaze mchele wa Kyela tu. Huo tutaupika.

Kasuku_Mwitu

Swali la kiufundi, maana naona mmeshaanza kunishinda kwa kura. Sokwe mweusi kwenye msitu mweusi, kamera si itadanganyika? Mimi mbega wa msitu wa Ngozi wananitokea wa kijivu.

Mnyalu_wa_Kalenga

Inadanganyika. Kamera inaona giza, inajitahidi kuangaza, weusi unakuwa jivu na vijitundu vya jua kwenye majani vinaungua. Kwenye kipimo cha mwanga cha kamera, kile cha + na -, punguza theluthi mbili mpaka moja kamili upande wa hasi.

mama_pareto

Hapo tunaachana kidogo. Hiyo ni kama sokwe yuko chini na nyuma yake ni majani. Akipanda mtini, nyuma yake ni mbingu nyeupe, ukipunguza unapata kivuli chenye masikio. Hapo ongeza moja au zaidi, mbingu iache iungue. Uso ndio picha.

Mimi natumia mkono kwa apacha na spidi, f/2.8 na 1/320, kisha ISO naiachia kamera yenyewe na kikomo 6400. Kidole gumba kinabaki na kazi moja tu, kuongeza na kupunguza mwanga. Sina hakika kama 80D ya mleta uzi inakubali kupunguza ukiwa kwenye mkono. Aijaribu nyumbani. Ikikataa, atumie apacha na aiwekee kamera spidi ya chini isiyovukwa.

RAW, yaani faili ghafi la kamera, lazima. JPEG ya msituni haina pa kushika ukitaka kufungua kivuli.

Kasuku_Mwitu

Sawa. Nakubali kwa sokwe. Kwa nzohe sikubali mpaka nife. Matete yako mbali na boti haiingii.

Mnyalu_wa_Kalenga

Kwa nzohe una haki yako. Anayemtaka nzohe tu, akae siku nzima kwenye maficho juu ya bwawa, 600 ndiyo lenzi. Mleta uzi ana vitu vinne kwenye orodha na mkoba mmoja. Akimpata nzohe mdogo kwenye fremu na matete yote na maji, hiyo nayo ni picha. Inaonyesha anaishi wapi. Kuna ugonjwa wa kudhani mnyama asipojaa kioo umefeli.

Kijana_wa_Mafinga

Habari zenu wakuu. Je, akikodi 600 kwa siku hizo badala ya kununua? Na kwa nini asiuze 80D achukue hizi kamera mpya zisizo na kioo, kama Canon R7?

Fundi_wa_Sido

Kukodi ni wazo zuri, na wenye lenzi hizo wengi wako Dar. Ila usitumiwe kwa basi. Mteja wangu mmoja alitumiwa lenzi hivyo, kampuni siitaji, ikafika kioo cha mbele kimekuwa chumvi, na risiti imeandikwa "nguo". Amtume mtu.

R7 ni kamera ya maana, inafuata jicho la mnyama yenyewe na lenzi za zamani za Canon zinaingia kwa adapta bila shida. Ila bodi peke yake inamaliza bajeti yote, halafu avae nini mbele? 18-135? Bodi inashuka bei kila mwaka, kioo kizuri kinakaa.

Mzee_wa_Nega

Betri. 80D kwa kitafutio cha macho inapewa makadirio ya picha 960 kwa chaji, ukitumia kioo cha nyuma inashuka hadi 300 hivi. Beba tatu, na chaja inayokubali pawabenki, kwa sababu umeme wa kisiwani usiuwekee dhamana. Mkirudi kwa ndege, betri zote ziwe kwenye begi la mkononi, si mizigoni. Na mkiamua kuingia kisiwani kwa ndege ndogo, mara nyingi wanataka kilo 15 kwenye begi laini, kamera ikiwemo. Hapo 600 na stendi vitakula nguo zako.

Malafyale_wa_Uyole

Wakuu, nimeamua. Naenda na ya mama_pareto: 70-200 f/2.8 ya zamani na ekstenda ya 2x. 50mm f/1.8 inabaki begani kwa mandhari na wenzangu kambini. 18-135, flashi na stendi vinabaki ofisini vinitafutie hela. Kasuku usinune, mmoja wa wenzangu wale wawili ameshanunua 600, tutaazimana kwenye matete.

Mazoezi nifanyie wapi kabla ya safari? Nisije nikajifunza kutoa ekstenda mbele ya sokwe.

mama_pareto

Ngozi. Anza mapema Isongole, panda taratibu, mbega wapo na giza la chini ya miti linafanana na la Rubondo. Ukiweza kumpata mbega kwa 1/320 bila chenga, umefuzu. Furukombe wafanyie Matema, wapo ufukweni. Vaa na kuvua ekstenda ukiwa umefumba macho mpaka mkono uzoee, lakini usiifanyie kazi hiyo wakati kungu wametanda ziwani. Wale wadudu wakiingia kwenye sensa, hata wa Kyela wanaowala hawatakusaidia.

Kasuku_Mwitu

Sinuni mkuu. Ila nataka kuona hiyo picha ya nzohe ya 400, nitaihesabu nukta moja moja.

Mnyalu_wa_Kalenga

Moja la mwisho kwa mleta uzi, umelipitisha haraka kule juu. Umesema kalenda ya ofisi. Kama unaiuza au unaigawa kwa wateja kutangaza biashara, hiyo si picha ya mtalii tena. Picha za biashara ndani ya hifadhi zina kibali chake na ada yake. Waandikie TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) sasa, ukiwa bado Mbeya, ueleze ni kalenda, nakala ngapi, na vifaa gani. Na kama kati yenu wanne kuna mwenye droni, iacheni nyumbani mpaka awe na vibali vyote mkononi, kuanzia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Getini ni pabaya pa kuanzia mazungumzo hayo.

Malafyale_wa_Uyole

Droni ipo, ni ya yule aliyenunua 600. Namtumia huu uzi sasa hivi. Barua ya TANAPA naandika leo.